Shule ya Kinyumenyume

Paukwa!

Pakawa!

Wale wa nyuma hamjaitika. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale ngiri walikuwa na mwalimu, Bi Gwasi. Alifundisha watoto kuingia shimoni kinyumenyume: matako kwanza, uso nje. Asubuhi, "Geuka. Rudi. Ingia." Jioni, "Geuka. Rudi. Ingia." Akikosea mmoja, wanarudia wote. Watoto wakamwita Bi Kinyumenyume, naye akisikia anawarudishia zoezi.

Mama Chimba hakuipenda shule hiyo. Chimba wake alirudi nyumbani na vumbi mpaka masikioni, na akiulizwa amejifunza nini, jibu ni lile lile la jana.

Basi akamhamishia shule ya Tumbili. Kwa Tumbili kila mtoto alisoma anachopenda. Chimba alipenda mluzi. Fyuu! Fyuu! Kisimani mluzi, malishoni mluzi. Mama akawa hatulii kwa kujisifu.

Bi Gwasi akamfuata. "Mama Chimba, mtoto anapiga mluzi vizuri. Shimoni anaingiaje?"

"Atajua akikua, Bi. Hayo ya kurudi nyuma yamepitwa na wakati."

"Haya. Na Tumbili mwenyewe analala wapi?"

Mama Chimba akashika njia, akaenda zake.

Siku moja wote wako malishoni, chui akatoka majanini. Tumbili huyo, juu ya mti. Ngiri wakatimua mbio, mikia juu, ti ti ti ti! Watoto wa Bi Gwasi wakafika mashimoni. Wakageuka, wakarudi, wakaingia. Mama zao wakafuata vivyo hivyo, na kila shimo likabaki na meno marefu mlangoni. Chui akayatazama, akapita.

Chimba akaingia kichwa kwanza. Akakwama, miguu ya nyuma iko nje, na mama yake hana pa kupita.

"Geuka, mwanangu!"

Ageuke vipi, kichwa kiko ndani? Chui akaruka, akaudaka mkia, akavuta. Mama Chimba alishikwa na uchungu wa mzazi, akamchoma chui ubavuni kwa meno yake. Chui akakimbia. Mkia akaenda nao.

Mchana ule ule Mama Chimba akampeleka mtoto kwa Bi Gwasi, macho chini.

"Nilikosa, Bi. Mpokee. Mluzi ataacha."

Bi Gwasi akakitazama kile kidonda, akaingiwa na huruma. "Aache kwa nini? Mluzi hauna ubaya. Ila ataupiga akiwa ndani. Chimba, geuka."

Chimba akageuka.

"Rudi."

Akarudi.

"Ingia."

Akaingia, matako kwanza, uso nje. Kisha, kutoka shimoni: fyuu!

Basi, wakubwa kwa wadogo, mtoto afundishwe kwanza lile asiloweza kuishi bila kulijua, hata likimchosha. Mengine yatapata nafasi.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni mwa shimo. Anayekwenda kulala aangalie anavyoingia.