Kwa Nini Kichwa cha Gimbi Hurudishwa Shimoni

Acheni majembe kidogo. Huyu bibi harusi wetu, Nanzia, hakukosea kwa makusudi. Kwao wanalima mpunga, na mtu wa mpunga utamlaumuje kwa habari ya magimbi? Amechimba vizuri, amekata vizuri, kisha vichwa vyote akawarushia mbuzi. Hilo nimelisamehe. Lakini jana mchana, chungu kilipoepuliwa, nilimsikia akisema, "Mimi nimeshakula," na mimi nilikuwa naye tangu asubuhi, hakutia kitu kinywani. Hilo lilinichoma. Kaeni basi niwaeleze wakati chungu kinachemka, maana mambo hayo mawili kwetu ni jambo moja.

Zamani hizo, kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, mgimbi haukuwa hivi mnavyouona. Ulitoa bua refu katikati ya majani, na bua hilo likabeba mbegu kama mtama. Chini yake kulikuwa na gimbi moja tu, kubwa, lisilo na mtoto. Watu walilichimba wakalila lote, kichwa na mkia, na mbegu wakazihifadhi kwenye vibuyu wakingoja mvua. Hakuna aliyerudisha kitu shimoni. Arudishe cha nini, na mbegu anazo nyumbani?

Ikaja miaka mitatu ya jua. Ndiva yetu, lile bwawa la wazee linalokusanya maji ya mlimani kabla hayajaingia mferejini, ilikauka mpaka ng'ombe wakawa wanalala ndani yake. Mwaka wa kwanza watu walikula magimbi. Mwaka wa pili walikaanga mbegu wakatafuna. Siwalaumu. Mtoto akilia njaa, mkono hufungua kibuyu kabla akili haijasema neno. Mwaka wa tatu hapakuwa na kibuyu chenye mbegu kijiji kizima.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Nambike, mjane wa mtu aliyekuwa akifungua na kufunga maji ya ndiva. Shamba lake lilikuwa chini ya ukuta wa bwawa, penye unyevu wa mwisho, na hapo ilibaki migimbi tisa. Haikuwa na mbegu. Kwa jua lile ingezitoa wapi? Alikuwa na watoto watatu, na mkubwa wao alikuwa msichana, Namweta, wa umri wa kuanza kubeba mtungi.

Nambike alijua kilichokuwa mbele yake. Wakila magimbi yale yote, watoto watavuka mwezi mmoja au miwili, na mvua ikija haitakuta cha kupanda. Akiyaacha ardhini, atawazika watoto wake hatua chache tu kutoka kwenye chakula. Aliwaza hivyo siku mbili bila kumwambia mtu.

Siku ya tatu alichimba gimbi la kwanza, akaligawa mafungu manne, kama mama yeyote angefanya: matatu ya watoto, moja lake. Lake lilikuwa kichwa, kile kipande cha juu chenye vikonyo vya majani, maana mama ndiye hula kisichogombewa. Alikishika mkononi muda mrefu, na njaa ilikuwa ikimuuma sana. Kisha akakirudisha katika shimo lile lile, akakifukia, akachota tope lililobaki katikati ya ndiva akakifunika nalo.

Nyumbani akamenya vile vipande vitatu, akavipika. Mnajua wenyewe gimbi bichi linavyowasha. Alipokuwa akiwapakulia wanawe alikuwa akijikuna mpaka kwenye viwiko. Namweta akamwuliza, "Mama, na wewe je?" Akajibu, "Mimi nimeshakula huko jikoni." Watoto wakaitazama mikono ile iliyovimba kwa kukunwa, wakaona ni kweli, mama ameshika gimbi, basi amekula gimbi. Hilo ndilo lilikuwa kosa lao. Mikono huwasha kwa kumenya, na wao walikuwa hawajawahi kumenya.

Akaendelea hivyo. Kila gimbi alilochimba, mafungu matatu yalikwenda chunguni na la nne shimoni. Yeye alikula majani ya porini, na siku nyingine alikunywa maji tu akajikaza nguo tumboni.

Siku moja shemeji yake, Kajiru, alimkuta amepiga magoti akifukia kichwa cha gimbi la sita. Kajiru naye alikuwa na njaa, na njaa humfanya mtu mkali.

"Shemeji, unazika chakula na watoto wa ndugu yangu wamekonda hivi?"

"Nazika changu, shemeji," Nambike akasema. "Chao kiko chunguni."

Kajiru akaona akili ya shemeji yake imeruka. Nambike alipoondoka, aliingiza mkono kwenye shimo la kwanza ili achukue kile kipande akakile. Vidole vyake vikagusa mzizi mdogo, mweupe, ambao haukuwapo hapo awali. Akautoa mkono wake taratibu, akasawazisha udongo, akaenda zake. Hakumwambia mtu. Lakini tangu kesho yake kila asubuhi palikutwa tope jipya juu ya mashimo yale, na Nambike hakuwahi kuuliza limeletwa na nani.

Gimbi la tisa lilipoisha, Nambike alilala kitandani na hakuamka tena. Watu wakasema ni homa. Wakamzika juu ya mfereji, karibu na mumewe, na Kajiru akawachukua watoto. Siku ya tisa baada ya maziko mvua ikanyesha. Naona uchungu hata kuwaambia.

Mashimo yote tisa yakatoa majani. Watu walikuja kuyatazama kama wanaotazama mtoto mchanga. Yalipokomaa, Kajiru akamwita Namweta achimbe wa kwanza yeye, kwa kuwa shamba lilikuwa la mama yake. Namweta akazungushia jembe, akang'oa, na watu wakasogea kuona. Juu palikuwa na gimbi jipya, kubwa, na ubavuni mwake yamelishikilia magimbi madogo sita au saba, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Na chini kabisa, likining'inia kwenye mizizi, palikuwa na kitu cheusi kilichosinyaa.

Namweta akakibandua. Kilikuwa chepesi, ganda tupu, ndani hamna kitu. Akauliza, "Baba mdogo, hiki ni nini?"

Kajiru akashindwa kumtazama. "Ni fungu la mama yako," akasema. "Alikuwa akilizika. Niliona kwa macho yangu nikanyamaza."

Namweta akakaa chini na lile ganda kiganjani. Alikumbuka jiko, akakumbuka viwiko vinavyokunwa. "Kumbe hakula," akasema. "Hakula hata siku moja." Akalia, na wanaume waliokuwapo nao wakalia. Alipomaliza akakata kichwa cha gimbi lile kubwa, akakirudisha shimoni kwa mikono yake kabla hajaligusa jingine.

Na tangu siku hiyo mgimbi umeacha kujihangaisha na mbegu za juu. Huweka watoto wake chini, ubavuni, na kile kilichopandwa hunyonywa mpaka kikabaki ganda. Ndiyo maana kwetu mtu haondoki shimoni kabla hajarudisha kichwa. Na ndiyo maana gimbi letu halimenywi bichi, hata mgeni akija na haraka zake. Huchemshwa na maganda yake, kila mtu akamenya la kwake mbele ya wenzake, na mpishi humenya wa kwanza. Akisema ameshakula, tunamwuliza maganda yake yako wapi.

Haya, chungu kimeiva. Vichwa ambavyo mbuzi hawajavitafuna tutavirudisha baadaye. Nanzia, mwanangu, njoo ukae hapa katikati yetu. Menya hili, ule. Na maganda yaweke hapa mbele yangu, niyaone.