Kiriba cha Bi Kalunguyeye

"Naleta ngano!"

"Ilete, tumekaa!"

"Nikiongeza?"

"Tutakula!"

"Nikipunguza?"

"Tutadai!"

Haya, mmejitakia wenyewe. Wewe hapo nyuma, acha kucheka, sijafika popote.

Hapo kale palikuwa na falme mbili, na katikati yake jangwa. Wa kaskazini walikuwa na chumvi tele, dhahabu hawana. Wa kusini walikuwa na dhahabu tele, na mchuzi wao hauna ladha. Basi kila mwaka wanyama wa kaskazini walifunga safari, kila mmoja na pande lake la chumvi. Mkuu wa msafara alikuwa Ngamia, kwa kuwa yeye ndiye aliyebeba viriba vya maji.

Wakatembea, wakatembea, chwa, chwa, chwa. Wakifika kisimani Ngamia anatangulia kunywa, bugu bugu bugu, mpaka linabaki tope. "Mimi ndiye ninayebeba, mimi ndiye ninayekunywa," anasema. Swala analamba tope. Mbweha analamba tope. Bi Kalunguyeye na mumewe, wadogo kuliko wote, wakifika hata tope limekauka.

Siku ya ishirini mume akaanguka kando ya jabali. Bi Kalunguyeye akamkimbilia Ngamia.

"Bwana Mkubwa, mume wangu anakufa kwa kiu. Nipe maji ya kulowesha ulimi wake tu."

"Kimebaki kiriba kimoja," Ngamia akajibu, "na mimi ndiye ninayebeba."

"Na wewe ndiye unayekunywa."

"Kumbe unajua. Unauliza nini?"

Bi Kalunguyeye akamvuta mumewe kivulini. "Maji anayo yule," akamwambia, "na soko liko mwendo wa siku moja. Nitamfuata, nitarudi nayo."

"Nenda, mke wangu. Ila usichelewe."

Akaondoka akilia waziwazi, wala hakuona haya.

Sasa soko lile lilikuwa halina maneno. Unaweka chumvi yako chini, unapiga ngoma, ndu, ndu, ndu, unajiondoa mpaka huonekani. Wenye dhahabu wanakuja, wanaweka dhahabu kando ya chumvi, nao wanajiondoa. Ukiridhika, unachukua dhahabu unakwenda zako. Hakuna aliyewahi kuwaona, na kuwachungulia ilikuwa mwiko.

Ngamia hakuwa na raha. "Ningewaona japo mara moja," akasema, "ningewafuata hadi kwao nikabebe yote."

"Hiyo ni kazi ndogo, Bwana Mkubwa," Bi Kalunguyeye akasema. "Kujificha tuulize sisi. Piga magoti tukufukie, juu yako tupange chumvi, ubakize macho tu."

Ngamia akapiga magoti, puu! Wanyama wakaanza kazi, na sidhani kama waliwahi kufanya kazi kwa furaha namna ile. Chota, mwaga. Chota, mwaga. Mchanga ukafika shingoni, pale kilipofungwa kiriba.

"Hebu tikisa shingo kidogo," Bi Kalunguyeye akamwambia.

Kiriba kikalia, bugu.

"Umesikia? Wenye dhahabu nao wana masikio. Maji hayo yatakuumbua."

"Kiondoe upesi," Ngamia akanong'ona.

Akakiondoa. Wenzake wakamaliza kumfukia Ngamia, na Bi Kalunguyeye akasimama kidogo kumtazama alivyokwama. Kidogo tu, maana moyo ulikuwa umemjaa.

Kiriba kilimzidi ukubwa mara tatu, na mgongoni hakuthubutu kukiweka, miiba yake ingekitoboa. Akakishika kwa meno, akaanza kukiburuta kinyumenyume. Akamwendea Swala.

"Kaka, wewe una mbio. Nisaidie."

Swala akatazama pande lake la chumvi. "Ningekubebea, dada. Lakini dhahabu haijawekwa, na chumvi yangu nimwachie nani?"

Mbweha naye alisema hivyohivyo. Bi Kalunguyeye chumvi yake aliiacha palepale, hakugeuka kuitazama.

Na Ngamia je? Wenye dhahabu walikuja, wakaona chumvi inawakodolea macho, wakatimka na dhahabu yao. Hawakurudi mwaka ule wala uliofuata. Haya, cheka sasa, maana mbele huko hakuna cha kuchekesha.

Mwendo wa siku moja Bi Kalunguyeye aliufanya siku tatu. Sss, sss, kiriba mchangani. "Nakuja, mume wangu." Sss, sss. "Nakuja." Yeye mwenyewe hakunywa hata tone.

Alimkuta amejikunja palepale kivulini. Akamwita. Akamwita tena. Akamgusa, na mwili ulikuwa umekwisha kukakamaa.

Msafarani maiti huoshwa kwa mchanga, maana maji ni ya walio hai. Bi Kalunguyeye hakutaka mchanga. Alifungua kiriba akamwosha mumewe kwa maji yale, uso kwanza, kisha mikono, kisha miguu, polepole, hakuwa na haraka tena. Aliyamwaga yote.

"Nimechelewa," akamwambia. "Nisamehe."

Ngano imefika kwake, nasi tuinuke twende kwetu. Funzo? Najua mtaniuliza. Funzo ni kwamba mwenye akili hufika kwa wakati, na mnyonge akitumia werevu wake hakosi anachokitaka. Ndivyo nilivyofundishwa kusema. Nanyi semeni ndiyo, mkalale.