Mzabibu Waliouita Tasa

Sogeeni karibu. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, maana mwishoni nitamuuliza swali.

Katika kijiji kimoja cha Dodoma waliishi majirani watatu. Sechelela, mjane, alijaliwa subira. Lubeleje, mkulima mwenzake, alijaliwa jicho la kuona wasiyoyaona wengine. Nyemo, mpishi wa sherehe, alijaliwa ulimi: akionja mchuzi, anakwambia chumvi ilitiwa mapema au ilichelewa.

Shambani kwa Sechelela ulisimama mzabibu mweupe alioupanda marehemu mumewe. Kila msimu ulichanua, kisha maua yakapukutika yote. Watu wakauita Tasa. Sechelela hakuwahi kuzaa, na jina hilo alilijua vizuri; lilimuuma. Mwaka wa ukame wengine waling'oa mizabibu yao, yeye akaumwagilia wake maji ya kuoshea vyombo.

"Mvumilivu hula mbivu," walimtania, "ila wewe mama utakula majani!"

Lubeleje hakucheka. Aliinama akalitazama ua mpaka shingo ikamuuma. Vijiti vya kubeba chavua vilikuwa vimejikunja chini, havina vumbi lolote.

"Mama, huu si tasa," alisema. "Umekosa mwenzake tu."

Akaleta matawi yenye maua ya mizabibu yake myekundu, akayakung'uta juu ya ule mweupe. Msimu ule zabibu zilishika! Lubeleje alikuwa amepanga kung'oa yake ajenge vyumba vya kupangisha. Akaviacha vyumba, mizabibu ikabaki mpakani mwa mashamba yao.

Lakini zabibu zenyewe zilikuwa ndogo, ngozi nyembamba, na kali. Nyeupe nyingine zilipokwisha kuiva, hizi bado zilikunja uso wa mlaji.

"Hizi ndimu," wanunuzi wakasema. Sechelela akashika kisu avune hivyohivyo.

"Subiri, mama," Nyemo akamzuia. "Jua letu hufanya zabibu ziwe tamu zikapooza, zikakosa ukali. Hii haipoozi. Iache."

Kila asubuhi alionja punje moja. Mvua ilipotishia kuzipasua, alizifunika kwa maturubai yake ya sherehe. Zilipopata rangi ya samli, akasema, "Leo." Akakamua, akatengeneza mvinyo wenye harufu ya maua ya mlimau, mtamu na mkali kwa pamoja.

Kiwanda cha ushirika kikaomba vipandikizi vya kutosha shamba zima, kikasema: "Ila mzabibu huu hauna jina rasmi. Tuleteeni moja, la mtu mmoja, tuandike kwenye chupa."

"Bila maua yangu, mama, ungemwagilia kuni," alisema Lubeleje.

"Na bila ulimi wangu mngeuza ndimu," alisema Nyemo.

Sechelela akasema, "Mliukuta hai, wanangu. Nanyi mna watoto wa kubeba majina yenu. Mimi sina."

Mlangoni, miche kwenye vifuko ilikuwa imeshachipua.

Na msiniambie "wapewe wote watatu". Kiwanda kimekataa, nami nakataa. Kesho miche inapandwa. Haya, wewe uliyekuwa ukisinzia, anza: ungeupa jina la nani?