Maji Yaliyotokea kwa Jirani

Isome hii mpaka mwisho, kisha mtumie jirani yako, hata yule msiyesalimiana naye.

Katika kijiji kimoja cha Ugogo aliishi mjane aitwaye Sechelela, mkulima wa karanga. Kila kiangazi kisima chake kilikauka. Cha jirani yake wa bondeni, Mzee Chidawali, kilikauka pia. Wawili hao hawakuwa wakisemeshana tangu walipogombania mpaka wa shamba.

Mwaka mmoja Sechelela alikwenda kumtembelea binti yake. Kule aliona watu wakichimba mashimo marefu na kuyajaza mawe, kokoto na mchanga, ili maji ya mvua yazame ardhini badala ya kukimbilia korongoni. Aliporudi akachimba yake kwenye mteremko ulio juu ya shamba lake, mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Mvua ikaja. Maji yaliyozoea kupita kwa kishindo yakaingia mashimoni, yakanywewa yote na ardhi. Sechelela akasimama palepale akilowa, akicheka peke yake.

Kiangazi kilipofika, akateremsha ndoo kisimani. Ikagonga tope. Lakini bondeni vilisikika vigelegele: kisima cha Chidawali kilikuwa na maji tele.

"Umemchimbia yeye," wifi yake akamwambia. "Yafukie hayo mashimo."

Sechelela akachukua jembe, akapanda juu. Moyo ulimuuma kwelikweli. Alipogeuka kutazama bondeni, akaona wanawake wakitaniana na ndoo zao kichwani, watoto wakimwagiana maji. Hasira ikamwishia. Akaanza kuchimba shimo jingine.

Kabla hajafika mbali, akasikia mtu akihema nyuma yake. Alikuwa Mzee Chidawali, na wanawe wakiwa na masururu.

"Shemeji," alisema, akimwita kama zamani mumewe alipokuwa hai, "miaka yote kisima changu hakijawahi kuwa na maji mwezi kama huu. Nimejiuliza yametoka wapi, nikayakumbuka mashimo yako. Kuanzia leo kisima ni chetu sote. Tuonyeshe pa kuchimba."

"Na ule mpaka?"

"Mbona maji hayakuuona."

Sechelela alicheka mpaka akakaa chini. Wakachimba pamoja hadi jua likapoa.

Mwaka uliofuata, mashimo yakiwa mengi, visima vyote viwili vilidumu kiangazi kizima, na Sechelela akala mchicha wa bustani yake katika miezi ambayo zamani hata maji ya kunawa aliyapima.

Funzo: Usiliharibu jema lako kwa sababu aliyetangulia kunufaika ni mtu usiyepatana naye. Huenda ndiye atakayekuja kukusaidia kulikamilisha.