Gobore la Mzee Lugendo

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale kwao.

Mzee Lugendo, mwindaji wa porini Ugalla, alifariki akaacha watoto watatu na gobore moja. Nkwabi, mkubwa wao, alikuwa fundi wa kuyeyusha risasi na kuimimina kwenye kalibu. Mihambo macho yake yalikuwa na ukungu tangu utotoni, lakini baruti aliijua kwa vidole. Kalunde, binti kitindamimba, alikuwa mwembamba, ila mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Mzee alikuwa ameacha neno: gobore lisigawanywe wala lisiuzwe, lichukuliwe na atakayekiokoa kijiji kwalo.

Ukaja ukame. Kisima kimoja tu kikabaki na maji, na nyati dume mwenye hasira zake akakifanya kwake. Alishamvunja mama mmoja mbavu. Kalunde alimwona mtoto wa jirani akilamba mtungi mtupu, roho ikamuuma.

Nkwabi akamimina risasi nzito kuliko zote alizowahi kutengeneza.

"Nyepesi itaishia kwenye ngozi," alisema. "Huyu anataka kitu cha kuvunja mfupa."

Alisema kweli, fundi yule! Kosa lake ni kuishindilia juu ya kiasi kilekile cha baruti ambacho baba yao alikitumia kwa risasi nyepesi. Alipomfyatulia nyati pale kisimani, kitako kilimrudia kama punda aliyeudhiwa. Mtutu ukatazama mawingu, na mtulinga wake, mfupa wa begani, ukavunjika. Nyati aliendelea kunywa maji.

Mihambo naye akashinda kutwa na gobore mbele ya kichuguu, akifyatua, akipapasa bega lake, akipunguza baruti chembe kwa chembe.

"Mzigo mzito ukiusukuma kwa nguvu zote, nao unakusukuma nyuma," alimwambia Kalunde. "Nimepunguza msukumo, mdogo wangu. Bega lako litahimili, na risasi ya kaka kwa uzito wake bado itavunja mfupa. Lakini haitafika mbali. Itabidi umsogelee."

"Kiasi gani, kaka?"

"Mpaka umsikie anavyopumua."

Kalunde akalibeba gobore. Akaenda. Alitambaa kwenye nyasi kavu, upepo ukimpiga usoni, mpaka akamsikia nyati akihema. Dume likainua kichwa, likamwona, likaja. Binti wa watu hakukimbia! Alingoja, akalenga, akafyatua. Kitako kilimkalisha chini pu, bega likawaka moto, lakini mtulinga wake ulikuwa mzima. Alipofumbua macho, nyati alikuwa amelala miguuni pake. Jioni hiyo kila mtungi ulijaa.

Mama yao akalilaza gobore juu ya mkeka.

"Bila uzito wa risasi yangu asingeanguka," alisema Nkwabi, mkono ukiwa umefungwa kifuani. "Na bega langu ndilo lililowafundisha."

"Bila kipimo changu, leo tungekuwa na mitulinga miwili iliyovunjika na nyati mmoja mzima," alisema Mihambo.

Kalunde alilitaka lile gobore kwa moyo wake wote, wala hakuficha. "Mimi ndiye niliyemsikia akihema," alisema.

"Wote nimewazaa mimi," alisema mama. "Siwezi kuamua. Waamue majirani."

Majirani ndio ninyi. Gobore liko pale mkekani, na Kalunde amekaa kando yake, akiwatazama ninyi. Haya, semeni: mngempa nani?