Kapu la Zimwi la Kisimani

Nyamazeni niseme, na wa kucheka acheke mapema.

Bi Sikudhani, mfinyanzi wa vyungu, alihamia kijiji ambamo hakuwa na ndugu hata mmoja. Siku ya kwanza kisimani wanakijiji wakamwita Mla-konokono. Eti mnacheka? Haya, chekeni! Neno lile likaanguka chini, likawa kokoto. Zimwi lililoishi kisimani humo likaliokota, likalitia kapuni mwake.

Siku ya pili wakasema, "Mchafu huyo, asiguse kamba yetu!" Likaanguka jiwe la ukubwa wa yai. Zimwi likaokota.

"Ni utani tu, bibi," wakamwambia.

"Utani gani?" akauliza Sikudhani. "Mtani hutaniwa naye akajibu, na siku ya msiba watani wake huja kumzika. Mimi nikijibu mnanuna. Nikifa, nani kati yenu atanizika?"

Wakacheka.

Siku ya tatu mtoto mmoja akashikwa na homa. "Mchawi ni yule!" wakapiga kelele, na kwa kila kinywa likaanguka jiwe la kujaza kiganja. Zimwi likamwaga kapu miguuni pao. Wote wakaokota, hata wale waliokuwa wakicheka tu, wakampiga Sikudhani mpaka akakata roho.

Kisha wakaligeukia zimwi. "Muuaji wewe!"

"Mimi?" zimwi likafoka. "Mimi nilibeba tu. Mawe yametoka vinywani mwenu. Haya, njooni mumzike mtani wenu!"

Hakuna aliyeshika jembe. Zimwi ndilo lililomzika.

Hadithi yangu imefika. Na nyinyi mliocheka kule mwanzo, hebu fungueni viganja nione.