Ghala la Bwana Khelef

Bwana Khelef, tajiri wa karafuu, alimtokea mjane Bi Mize asubuhi, jua likiwaka.

"Zoa karafuu zako. Ardhi ni yangu, na uwanja huu leo naanikia mimi."

Bi Mize akalia mpaka kanga ikalowa. "Na zangu nizipeleke wapi, Bwana?"

"Zitie ghalani kwangu, zioze!" Akamtupia ufunguo huku akicheka.

Adhuhuri upepo uligeuka, mvua ikamwagika, karafuu za tajiri zikaelea. Akaja mbio kugonga mlango wa ghala.

"Fungua, nami nitie zangu!"

"Limejaa, Bwana."

"Kwani ulijua?"

"Marehemu mume wangu, baharia, aliniachia kipimahewa. Tangu alfajiri mshale wake unashuka, na hewa ikipungua uzito, mvua haiko mbali. Nilichokosa ni paa tu."